Damu ya Mama Mja Mzito na Usalama wa Mwanawe



Miongoni mwa barua zilizotufikia, moja imetushughulisha kuliko nyenginezo. Imeandikwa na dada yetu mmoja anayeishi upande wa Seeb, mzaliwa wa Unguja, mwenye ndoa ya miaka tisa na watoto wawili. Jina lake tunalihifadhi. Anaeleza kwamba alikwenda kliniki kwa mimba yake ya tatu, akatolewa damu kama ilivyo ada, na siku aliyorudi kuchukua majibu akamsikia muuguzi akikitaja, katika orodha ya vipimo, kipimo cha virusi vya UKIMWI. Majibu yalikuwa salama. Lakini alipomsimulia mumewe, mume alighadhibika, akauliza ni nani aliyemshuku mkewe, na akamkataza kukanyaga tena mahali hapo. Ikapita miezi miwili bila ya mja mzito huyo kupimwa shinikizo la damu, mkojo wala ukuaji wa mtoto. Anatuuliza: je, alidhalilishwa?

Jibu letu ni kwamba hakushukiwa na mtu. Alipimwa kwa sababu alikuwa mja mzito, wala hapana sababu nyengine. Tangu mwaka 2009 huduma za uzazi za Oman zinampima virusi hivyo kila mama mja mzito, awe bibi wa mwenye duka au mke wa waziri, isipokuwa mwenyewe akikataa. Damu ile ile iliyotolewa mkononi mwake ndiyo inayotafutwa kundi la damu, upungufu wa damu, kaswende na homa ya ini. Hakuna aliyetuandikia kulalamika kwamba amepimwa upungufu wa damu.

Hata hivyo, dada yetu ana haki katika jambo moja. Kumpima kila mtu hakumaanishi kumpima mtu bila ya kumwarifu. Mama anapaswa kuambiwa, kabla ya sindano, ni vipimo gani vitafanywa na kwa nini, na kuachiwa nafasi ya kuuliza. Kliniki iliyomwacha alisikie neno hilo kwa kudokezwa, mbele ya watu, ilikosea. Laiti angelielezwa maneno mawili tu, labda mumewe asingelipandwa na hasira, na miezi miwili isingelipotea.

Wengi wetu tulilisikia jina la maradhi haya kwanza kwa njia ya hofu. Tanzania iliwatambua wagonjwa wake wa mwanzo katika Mkoa wa Kagera mwaka 1983. Oman ilimpata wa kwanza mwaka 1984. Zanzibar iliandikisha wa kwanza mwaka 1986. Waliokuwa watu wazima wakati huo wanakumbuka mabango ya mafuvu na mifupa, na wanakumbuka jinsi jirani aliyekonda alivyoacha kualikwa harusini. Picha hizo zimebaki vichwani mwetu ilhali utabibu umekwisha kuziacha nyuma kwa mwendo wa miaka mingi. Ndipo tunapoona kwamba mume aliyeghadhibika huko Seeb alikuwa akijibu habari za mwaka 1986.

Basi na tueleze hali ilivyo.

Virusi humfikia mtoto kutoka kwa mama kwa njia tatu: akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa, na kwa maziwa ya kunyonya. Pasipo dawa yoyote, kati ya watoto 100 wa akina mama wenye virusi, 15 hadi 45 huambukizwa, kutegemea hali ya mama na muda wa kunyonyesha. Maana yake, hata katika zama za giza, watoto wengi zaidi walisalimika kuliko walioambukizwa. Nyufa ya kwanza ya mwangaza ilionekana mwaka 1994, watafiti wa Marekani na Ufaransa walipotangaza kwamba dawa iitwayo zidovudini, ikipewa mama wakati wa mimba na kujifungua, na mtoto baada ya kuzaliwa, hupunguza maambukizo kutoka watoto 25 hivi katika kila 100 hadi 8. Lakini dawa hiyo ilikuwa ghali na matibabu yake marefu, na mama wa Tandale au Kisauni asingeliweza kuyapata.

Mwaka 1999 jibu lilitoka kwetu wenyewe. Katika Hospitali ya Mulago, Kampala, akina mama walipewa kidonge kimoja tu cha nevirapini uchungu ulipoanza, na mtoto akapewa tone la dawa hiyo ndani ya siku tatu za mwanzo. Maambukizo yalipungua kwa takriban nusu yakilinganishwa na waliopewa zidovudini kwa muda mfupi. Hospitali nyingi za Afrika ya Mashariki zilianza kuwahudumia waja wazito kwa njia hiyo katika miaka iliyofuata. Leo hata njia hiyo imekwisha kupitwa. Mama anayegunduliwa kuwa na virusi huanzishiwa dawa siku zile zile, kwa kawaida kidonge kimoja kwa siku kilichokusanya dawa tatu, na huendelea nacho maisha yake yote. Kikitumiwa ipasavyo, virusi katika damu hupungua hadi mashine ishindwe kuviona. Mama aliyefikia hali hiyo mapema na akabaki nayo, hatari ya kumwambukiza mwanawe tumboni na wakati wa kuzaa hushuka chini ya mtoto mmoja katika 100. Na virusi visivyoonekana kwa vipimo haviambukizwi kwa mume wala kwa mke; jambo hilo lilithibitishwa kwa uchunguzi mkubwa wa watu na wenza wao huko Ulaya, uliotangazwa mwaka 2016 na kuendelezwa hadi 2019.

Katika mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliipa Oman hati ya kutambua kwamba imekomesha maambukizo ya virusi vya UKIMWI na kaswende kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto kama tatizo la afya ya umma. Ilikuwa nchi ya kwanza katika kanda ya Mashariki ya Mediterania, kanda inayojumuisha karibu nchi zote za Kiarabu. Cuba ilitangulia duniani mwaka 2015, na Malaysia na Maldives zilipata hati kama hiyo mwaka 2018 na 2019. Hati haisemi kwamba hakuna mama mwenye virusi hapa. Inasema kwamba karibu waja wazito wote wanafika kliniki, wanapimwa, na wanaokutwa navyo wanatibiwa. Kila mama anayejificha analitoboa tundu wavu huo, na anayepita katika tundu hilo ni mtoto.

Baadhi ya wasomaji wametuuliza kama mwenye virusi lazima azae kwa upasuaji. Si lazima. Virusi vikiwa vimefubaa, huzaa kwa njia ya kawaida kama wenzake. Vikiwa bado vingi siku za kujifungua zinapokaribia, madaktari hupendelea upasuaji. Mtoto akizaliwa hupewa dawa ya maji kwa wiki kadhaa, na hapa ndipo akina mama wengi wanapoingiwa na hofu isiyo na msingi, kwa hiyo tutue kidogo.

Kipimo cha kawaida hakivitafuti virusi vyenyewe. Kinawatafuta askari ambao mwili huwatengeneza ili kupambana navyo. Mama humpa mtoto askari wake angali tumboni, na huweza kubaki katika damu ya mtoto kwa miezi mingi. Mtoto wa miezi sita akipimwa kwa kipimo hicho katika zahanati ya mtaani, huenda akaonekana ana virusi ilhali ni mzima kabisa. Kwa hiyo mtoto mchanga hupimwa kwa kipimo cha namna nyengine, kinachotafuta virusi vyenyewe, anapofikia wiki nne hadi sita, na hurudiwa baadaye. Neno la mwisho hutolewa akitimiza miezi 18, na kama ananyonya, baada ya kuachishwa ziwa. Yupo mama aliyelia mwaka mzima kwa majibu ya kipimo kisichofaa kwa umri wa mwanawe.

Sasa tuje kwenye maziwa, jambo linalowatesa watu wetu zaidi kuliko sindano.

Mwaka 2000 Ruth Nduati na wenzake wa Nairobi walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya akina mama wenye virusi, wakati ambapo dawa za kila siku hazikuwapo. Watoto waliopangiwa kunyonya, kufikia miaka miwili, 37 hivi katika kila 100 walikuwa wameambukizwa. Waliopangiwa maziwa ya kopo, 20 hivi. Ukisoma hadi hapo utasema kopo ndiyo dawa. Lakini idadi ya waliofariki katika makundi mawili hayo haikupishana kwa kiasi cha kuhesabika. Na hao walikuwa na maji safi ya bomba. Kule ambako maji ni ya kisima na kopo linatiwa maji mengi ili lifike mwisho wa mwezi, kuhara huua watoto ambao virusi havikuwagusa.

Ndipo ushauri ukagawika mara mbili. Kwa nchi kama Tanzania, Kenya na Uganda, ushauri ni mama anywe dawa zake na anyonyeshe, maziwa yake peke yake kwa miezi sita ya mwanzo, kisha pamoja na vyakula vyengine. Na mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba mama anayetumia dawa vizuri anaweza kunyonyesha hadi miaka miwili au zaidi, kama akina mama wengine. Kwa nchi zenye uwezo, ambako maji ni salama na maziwa ya kopo yanapatikana, madaktari kwa miaka mingi wamekuwa wakimtaka mama asinyonyeshe kabisa, ingawa Marekani ililegeza kauli yake mwaka 2023 kwa mama ambaye virusi vyake havionekani. Ushauri wote wawili una hoja, kila mmoja mahali pake. Balaa huja mtu anapouchanganya.

Na sisi ni watu wa kuchanganya, kwa kuwa tunaishi pande mbili za bahari. Mama hujifungua Maskati, akaambiwa ampe mtoto chupa. Siku arubaini zikipita, husafiri kwenda Unguja au Mombasa kumwonesha mtoto kwa bibi yake. Huko chupa inasema yale ambayo ulimi umeyanyamazia. Mawifi wanauliza mbona hanyonyeshi. Mama mkwe anasema maziwa ya binti huyu yana nini. Na usiku, ili kuwanyamazisha, mama anamtia mtoto ziwani, na asubuhi anarudi kwenye chupa. Uchunguzi uliofanywa Durban, Afrika ya Kusini, ulionesha mwaka 1999 kwamba kuchanganya maziwa ya mama na vyakula au maziwa mengine katika miezi ya mwanzo kulikuwa na hatari zaidi kuliko kumnyonyesha mtoto maziwa ya mama matupu. Akina bibi watukufu, tunakuombeni: mkimwona binti anatumia chupa, mwulizeni kama amekula, wala msimwulize maziwa yake yana nini. Zipo sababu nyingi za chupa, na nyingi hazihusiani na maradhi haya. Ama uzuri wa kunyonyesha miaka miwili, sote tunaujua. Na masheikh wetu hawajapata kusema kwamba jambo jema hubaki kuwa lazima hata penye madhara. Aliye na mashaka na amwendee sheikh wake akiwa na maneno ya daktari mkononi.

Mwenye kusafiri achukue dawa za kutosha siku zote za safari na za ziada kwa ndege zinazoahirishwa, aziweke katika mkoba wa mkononi, na achukue barua ya daktari pamoja na kadi ya uzazi. Mwezi wa Ramadhani haumlazimishi mtu kuacha dawa: kidonge cha mara moja kwa siku huweza kupangiwa wakati wa futari, kwa shauri la daktari. Kinachodhuru ni kuruka siku.

Mpaka hapa tumesema na akina mama, kana kwamba virusi huota tumboni mwao. Ukweli ni kwamba wanawake wengi wa nchi za Kiarabu wenye virusi hivi waliambukizwa ndani ya ndoa zao za halali, na waume zao. Hatumtuhumu kila mwenye kusafiri kwa biashara Dubai, Bangkok au Guangzhou. Wengi wao ni watu wa heshima zao. Lakini mume anayemkataza mkewe kupimwa, naye mwenyewe hajapimwa, anakikimbia kioo. Kuna hatari moja isiyojulikana na wengi. Mama hupimwa mwanzo wa mimba akakutwa salama, kisha akaambukizwa mimba ikiwa na miezi sita, au akiwa ananyonyesha. Virusi vipya huwa vingi mno katika damu kwa wiki za mwanzo, na mtoto huwa katika hatari kubwa kuliko ya yule ambaye mamaye anajijua na anatumia dawa. Kwa sababu hiyo kipimo hurudiwa katika miezi mitatu ya mwisho kwa mama mwenye sababu ya kurudiwa, na kwa sababu hiyo hiyo mume atoe mkono wake pia. Mwenye wake zaidi ya mmoja, basi wote wapimwe.

Lipo jambo jengine la uzazi ambalo wanawake wetu hulikwepa: uchunguzi wa mlango wa kizazi. Saratani ya mahali hapo hutokana na virusi vyengine, vinavyoenea sana duniani na ambavyo mwili wenye nguvu kwa kawaida huvifukuza wenyewe. Mwanamke mwenye virusi vya UKIMWI huvifukuza kwa shida, na hatari yake ya kupata saratani hiyo ni mara sita ya wenzake. Mwaka 1993 Marekani iliiingiza saratani hiyo katika orodha ya maradhi yanayotambulisha UKIMWI, baada ya wanawake kulalamika kwamba orodha iliandikwa kwa kuwatazama wanaume. Uchunguzi wake hauchukui muda mrefu. Katika hospitali nyingi za Afrika ya Mashariki huupaka mlango wa kizazi siki iliyozimuliwa, na mahali penye kasoro hugeuka peupe. Kwengineko huchukuliwa ute kwa brashi ndogo. Shirika la Afya Duniani linashauri wanawake waanze wakiwa na miaka 30, na wenye virusi vya UKIMWI waanze wakiwa na miaka 25. Kuomba daktari mwanamke ni haki wala si usumbufu. Wenye mabinti wakumbuke kwamba ipo chanjo: Tanzania Bara ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 14 mwaka 2018, na Kenya wa miaka 10 mwaka 2019.

Tumebakisha jambo zito, nalo hatutalipamba. Baadhi ya wasomaji wetu ni raia wa Oman. Wengine wako hapa kwa kibali cha kazi au cha kumfuata mume. Kwa hawa wa pili, damu hupimwa pia kwa ajili ya kibali cha kuishi, na sheria za nchi za Ghuba zimekuwa nzito kwa mgeni anayekutwa na virusi. Tunaelewa kwa nini mwanamke wa namna hiyo huiogopa kliniki. Hatuwezi kumwambia asiogope. Tunamwambia kwamba kujificha hakumpi kibali, na kunaweza kumgharimu mtoto. Akihisi ana sababu ya kuwa na mashaka na ana mimba, au anataka kuipata, apime mapema, hata kama ni katika safari ya nyumbani. Tanzania imekuwa ikitoa dawa hizi bila ya malipo tangu mwaka 2004, na Hospitali ya Mnazi Mmoja mjini Zanzibar ina huduma hiyo, na vivyo hivyo hospitali za serikali za Kenya. Ikitokea mama mja mzito amelazimika kuondoka, jambo la kwanza akifika, kabla ya kufungua sanduku na kugawa zawadi, ni kwenda kliniki akiwa na karatasi za majibu yake. Wiki moja bila ya dawa katika mwezi wa nane si sawa na wiki moja ya kawaida. Na jamaa wanaompokea wasimuulize amerudi kwa nini.

Dada yetu wa Seeb ametuandikia tena. Tulimpelekea maelezo haya kabla ya kuyachapa, naye akampa mumewe ayasome. Mume aliyaweka siku mbili mezani bila ya kusema neno. Siku ya tatu alimwambia mkewe avae, wakaenda pamoja, si kwa kliniki ile ya mwanzo bali kwa nyengine, na aliyetangulia kukunja mkono wa kanzu alikuwa yeye. Majibu ya wote wawili wameyapokea. Hatukuwauliza, nao hawakutuambia.